Radio ya nyikani na mawe ya baba

Juzi usiku dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yule anaishi Edmonton kule Canada, alinitumia odio ya dakika nne. Nikajua ni mambo ya familia, kumbe alikuwa tu anatoka kazini na gari, anazungumuza baridi, na nyuma yake kuna gita fulani ya zamani inapiga taratiiibu. Nikamuuliza ni radio gani hiyo? Eti CKUA. Nikaingia kutafuta na nikakesha, kesho yake kazini macho mekundu kama mutu wa kilio.

Ilianza tarehe 21 Novemba 1927, ndani ya Chuo Kikuu cha Alberta. Kule ni nyika, ngano mpaka macho inachoka, na mkulima anaweza kumaliza baridi yote hajaona mgeni, sasa watu wa chuo wakasema badala ya mwalimu kupanda treni kijiji kwa kijiji, wacha sauti iende yenyewe. Masomo ya kilimo, muziki, vyote. Na antena waliifunga kwenye minara ya chuma ya vinu vya upepo! Hapo nilicheka peke yangu maana baba, pale Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu huku Congo, waya yake ya antena ilikuwa imefungwa ku muti wa avoka, na ole wako upande kutafuta avoka saa ya habari.

Baadaye kampuni ya simu ya serikali ya jimbo ikaichukua, miaka ya 1940 (radio na simu, usiniulize), 1974 ikaingia ku shirika la elimu la jimbo, 1994 serikali ikanawa mikono ikaiachia fondasio, yaani shirika lisilotafuta faida. Miaka mitatu tu, pesa kwisha. Tarehe 20 Machi 1997 ikanyamaza.

Sasa hapa njo pameniuma. Wasikilizaji hawakukaa kungoja. Wakafanya mikutano, wakachanga, wakawasumbua wakubwa wa ile fondasio mpaka wakatoka, na tarehe 25 Aprili ikarudi hewani. Siku 36. Mpaka leo inakula sana michango ya wasikilizaji.

Sisi Bukavu kunyamaza kwa radio tunakujua, ila kwetu haikuwa pesa. Radio Maendeleo ilizaliwa 1993, na 1999 wenye bunduki waliokuwa wanashika mji wakaifunga. Siku ile baba alifikiri mawe ya radio, yaani betri, yamekufa. Akayatoa, akayapanga juu ya bati yapate jua, jioni akayarudisha moja moja, akageuza kibutoni polepole: Kigali inaingia, BBC inaingia, ya nyumbani pale mahali pake ni kshhhh tu. Akaigonga ubavuni. Hakusema kitu, akazima, akaenda kulala bila kula. Mie nilikuwa mudogo nikaona ni mambo ya mawe kweli.

Na ilirudi, ndiyo, watu walisumbuka sana mpaka irudi. Lakini nani kati yetu alishawahi kutoa hata franka kwa ajili ya esansi ya jenereta ya radio? Tunajua tu kulalamika kwamba sauti inakatikakatika.

Dada naye kumbe anakatwa kitu kidogo kila mwezi kwa ile CKUA. Akaniuliza, na wewe radio yako ulishailipa nini? Nikafikiria weee, nikamwambia nililipa komunike ya kilio cha mjomba, mara mbili, asubuhi na jioni. Akacheka mpaka akapita njia ya kwake.