Waliopaka Chokaa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Tumeingia Majilio, na kwa sisi wa Moshi Majilio yana sauti yake: mashine ya zege. Kuanzia Machame hadi Mwika, ukipita Kibosho na Uru, huko vihambani, kwenye mashamba yetu ya ukoo, unakuta lori la mchanga limenasa kwenye tope la vuli na mafundi wanaoambiwa jambo lile lile kwa simu: tarehe 24 naingia. Watu wetu wanakata tiketi za basi Dar, Dodoma na Mwanza waje kula Krismasi nyumbani. Anayejenga hataki kulala tena kwa mama wakati nyumba yake imesimama pale pembeni haina madirisha. Hamu hiyo siilaumu. Ningekuwa na nyumba ya namna hiyo ningeihesabia siku mimi pia.

Somo letu wiki hii ni Ezekieli 13, kuanzia mstari wa 10. Mtu mmoja anajenga ukuta, wengine wanakuja kuupaka chokaa isiyokorogwa vema. Inakuja mvua, inakuja mvua ya mawe, unakuja upepo wa dhoruba, na ukuta unalala chini mpaka msingi wake unaonekana. Tumezoea kufundishwa kwamba hawa ni manabii wa uongo waliokuwa wanatangaza amani na amani hakuna, na ndivyo ilivyo. Ila angalieni hukumu inamshukia nani. Aliyeujenga ule ukuta anatajwa mara moja, anapita. Bwana anashughulika na waliopaka. Ukuta ukianguka, wao ndio wanaoulizwa: iko wapi ile chokaa mliyopaka?

Nitarudi kwao. Kwanza twende saiti.

Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Saruji inashikana kwa msaada wa maji, na inaendelea kuyahitaji siku nyingi baada ya kumwagwa. Ndiyo maana fundi mzuri anaifunika slabu, ile sakafu ya zege, kwa magunia na kuimwagilia asubuhi na jioni, wiki nzima au zaidi, hata kama mwenye nyumba analalamikia bili ya maji. Wahandisi huipima nguvu yake siku ya 28. Siku ya saba inakuwa imefika kama theluthi mbili hivi, na hapo ni kama vipimo vya kokoto, mchanga na saruji vilifuatwa. Kwa sababu hiyo mirunda, ile miti inayoibeba slabu ya juu, huachwa wiki mbili, hata tatu.

Sasa njia ya mkato inaingiaje? Haiji na pembe. Saidia fundi amechoka, zege ni zito, koleo halipiti. Anaongeza nusu ndoo ya maji. Zege linalainika, linateleza lenyewe kwenye karai, kazi inachangamka, wote wanacheka. Hakuna aliyeiba hata mfuko mmoja. Lakini nguvu ya zege lile imeshapungua pale pale, na likishapigwa plasta na rangi hakuna jicho la mwanadamu litakaloliona tena. Au mirunda yenyewe: ni ya kukodi, na kuna saiti nyingine Kirua inaisubiri. Siku ya nane mwenye mirunda anapiga simu, na siku ya tisa inashuka. Slabu imebaki hewani inajitegemea, na kwa kuwa haikudondoka siku hiyo, kila mtu anasema ilikuwa imeiva.

Fundi ndiye tunayemwita mwizi. Wapo wezi, sikatai. Ila nimekaa kwenye kamati ya ujenzi ya usharika muda wa kutosha kuweza kusema kwamba amri nyingi za kukata njia hutoka kwa mwenye fedha. Na haziji kama amri. Hakuna anayesema "punguza nondo." Anatuma nusu ya hela, anabakiza tarehe ile ile, na fundi akimpigia kumweleza kwamba haitoshi, anajibiwa: "Fundi, wewe jiongeze." Neno hilo limejenga nyumba nyingi mlimani kwetu. Fundi anajiongeza kweli, kwa kupunguza, na bosi anabaki na mikono misafi kwa sababu hakutaka kujua.

Kumbukumbu la Torati 22:8 halimpi bosi huyo pa kujificha. Sheria inasema ukijenga nyumba mpya uweke ukuta wa kuzuia pembezoni mwa dari, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Nyumba yako wewe. Musa hakumtaja fundi hata kidogo. Nami kila Desemba nikiusoma mstari huo nazifikiria ngazi zetu za ghorofani ambazo reli hazijafungwa. Vigae vimewekwa, vya bei, vinateleza kama sabuni; jipsamu imechorwa maua; taa za kuning'inia zinawaka. Pembeni mwa ngazi vimebaki vipande vya nondo vilivyosimama, vinasubiri reli itakayonunuliwa "Mungu akijalia mwakani". Humo humo wajukuu kumi na bibi mwenye magoti mabovu wanapanda na kushuka siku nzima ya sikukuu. Fedha ya reli ipo. Imo kwenye jipsamu.

Hapo ndipo waliopaka chokaa wanapoingia, na hao ni sisi. Tunaalikwa kubariki nyumba. Tunaimba, tunazunguka chumba kwa chumba, mchungaji anaomba sebuleni, tunakula pilau na mbuzi. Tunasifu. Kila mtu ana la kusema kuhusu vigae. Hata wale mafundi wa jumuiya yetu, ambao wakiinua macho mara moja wanaiona nyufa kwenye boriti, wanasema "hongera sana, Mungu ni mwema," kisha njiani wakirudi ndipo wanaambiana ukweli. Hiyo ndiyo amani isiyokuwapo. Tunaogopa kuonekana tuna wivu, na kwa hofu hiyo tunambariki mtu aingie na watoto chini ya slabu ambayo sisi wenyewe tusingelala chini yake.

Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, asubuhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, likaua watu zaidi ya 30. Baadaye ikaelezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa sita hazifichwi chini ya gunia. Zilipanda moja baada ya nyingine, mchana kweupe, mbele ya macho ya kila aliyepita mtaa ule.

Wanaojua kukataa tunao hapa hapa, na wengi wao hatuwaiti watumishi wa Mungu. Nawazungumzia vijana wetu wanaoongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Mgeni ametoka geti la Marangu, chini kidogo ya mita 2,000, na kwa kuwa amenunua safari ya siku chache ili aokoe dola, mwili haujapata nafasi ya kuizoea hewa nyepesi ya juu. Usiku wa kupanda kileleni anafika Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, anayumba, anaongea maneno yasiyounganika. Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895, imebaki saa moja na nusu, pengine mbili. Amelipa, ametoka mbali, analia, anaomba asukumwe tu. Mwongozaji akimsukuma anapata tipu nono na picha ya pamoja. Akimwambia "tunashuka", anaweza kununiwa mpaka getini na kuondoka mikono mitupu. Anayemshusha mgeni huyo ameokoa mtu, na hakuna atakayeliimba jambo hilo kanisani Jumapili.

Ndiyo, wapo pia wanaowauzia wageni hizo siku pungufu tangu mwanzo. Hao nao wana Ezekieli wao.

Kuna mstari mwingine naupenda, 2 Wafalme 12:15. Hekalu linakarabatiwa siku za mfalme Yoashi, na mafundi hawakudaiwa hesabu ya fedha kwa sababu walifanya kazi kwa uaminifu. (Wajumbe wenzangu wa kamati, naomba tusiutumie mstari huu kukwepa risiti.) Someni pia yaliyotangulia: mpaka mwaka wa 23 wa mfalme, makuhani walikuwa wakipokea fedha na mabomoko yapo vile vile. Palipokuwa na joho na uvumba ndipo kazi ilipolala, na uaminifu ukapatikana kwa maseremala na waashi.

Basi kwa jumuiya zitakazokutana wiki hii, naomba tusiishie kwenye kusoma. Mwenye nyumba inayomaliziwa ampigie fundi leo, aulize slabu ilimwagwa tarehe ngapi na mirunda ilitolewa lini, na aulize kwa sauti ya mtu anayetaka jibu la kweli. Kama reli za ngazi hazijafungwa, zinunuliwe kabla ya pazia. Kama siku hazijatimia, nyumba ya mama ina nafasi. Watoto watalala chini kwenye magodoro kama tulivyolala sisi, na ibada ya kubariki isogezwe mpaka Pasaka. Mchungaji hatakasirika. Mbuzi atakuwa amenenepa, na mvua za masika zitakuwa zimeshatuonyesha paa linavuja wapi.