Tulivyojiandaa kuishi kwenye boti tukiwa Dodoma

Watu wakisikia tunaishi kwenye boti ya matanga Tanga, huuliza nani alitufundisha bahari. Bahari tulifundishwa na mzee mmoja, nahodha wa majahazi. Kuishi ndani ya boti tulijifunza wenyewe Dodoma, kwenye nyumba ya kupanga Nkuhungu.

Tulianza na chaki. Boti tuliyokuwa tunaitafutia pesa ni ya futi 30, na muuzaji alitutumia vipimo vya ndani. Nikavichora sakafuni sebuleni: kitanda cha omo (mbele ya boti), meza, jiko, choo, ngazi. Njia ya kupita ilibaki sentimita 50 hivi. Mke wangu akaingia na sufuria ya ugali, mimi na ndoo, tukajaribu kupishana. Wapi! Lazima mmoja apande kitandani ndipo mwenzake apite. Tangu hapo, kisichoenea ndani ya mchoro kilipigwa bei: makochi, kabati, friji. Jirani aliyenunua kabati alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, Dodoma na bahari wapi na wapi?"

Kwenye maji, lakini, Dodoma ni chuo. Mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, na mkazi wake hafundishwi mgao. Tangi la boti ni lita 200. Watu wawili wakitumia lita 10 kila mmoja kwa siku, siku ya kumi limekauka. Basi tukafunga bomba, kila mtu na ndoo yake ya lita 10 kwa kupikia, kunywa, kuoga na kuosha. Vyombo unavifuta kwanza kwa gazeti, unavisugua kwa maji yaliyokwisha kutumika (baharini ni maji chumvi), kisha unasuuza kwa chupa ya soda ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa sindano ya moto. Ukiiminya, uzi ule mwembamba unatakatisha sahani kwa maji yasiyojaza kikombe. Mjadala wa kuosha nywele za mke wangu sitauandika hapa.

Umeme ndio uliotunyima friji. Friji ndogo ya volti 12 inaweza kula ampea-saa 40 (kipimo cha chaji ya betri) kwa siku, na paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inarudisha kama 30. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila mara, unaiua. Tukaenda Soko la Majengo kutafuta vyakula visivyotaka baridi: mlenda mkavu, karanga, unga wa uwele, zabibu kavu. Mlenda ulishinda vyote, maana ni mwepesi na unaiva upesi, gesi haiishi. Unga tuliutia kwenye ndoo za mifuniko inayobana, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu na unga huvunda haraka.

Kuogelea tulijifunza kwenye bwawa la hoteli. Mafundo nilifunga usiku kwenye nondo za geti, taa imezimwa, mpaka vidole vikazoea.

Msimu ndio uliotaka mwalimu. Nilipomfuata yule mzee Tanga na kumwamkia, aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Unataka kwenda wapi?" Nikasema Mafia. "Kwa upepo gani?" Nikanyamaza. Akanieleza kwamba kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, inakusukuma kusini. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, inakurudisha juu, tena mkondo wa bahari nao huelekea kaskazini. Anayelazimisha kushuka Mafia wakati wa kusi atashinda akibisha, yaani akienda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, mawimbi yanampiga usoni. Kwa hiyo tuliaga nyumba Novemba, ili kaskazi ikianza tuwe tayari ndani ya boti.

Makaratasi yana njia yake: Bara usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar kuna mamlaka yao. Usisubiri wakuulize jaketi za kuokolea na redio ya chaneli 16, ile ya kuitia msaada baharini. Nunua kabla ya rangi na mapambo.

Kazi moja haina mazoezi bara. Chini ya boti huota chaza na majani, na lazima pasafishwe. Unangoja bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpya au mpevu, unaipweleza boti kwenye mchanga, na maji yakitoka una saa chache tu za kukwangua na kupaka rangi kabla hayajarudi kujaa. Mara ya kwanza mzee alisimama pembeni na saa yake, akituhimiza kama makuli bandarini.