Mpindue Umtazame Tumboni

Asubuhi ile babu alipouvuta mgono wake kutoka Rufiji, ndani mlikuwa na kambale wawili na kobe wa maji. Alitaka kumrudisha mtoni upesi, maana kobe hawa wakishikwa hutoa uvundo usiotoka mikononi hata kwa sabuni. Nikamwomba, "Babu, subiri kidogo, nimtazame tumbo."

Ukitaka kumtambua kwa mgongo utakosea, kuna matope na mwani. Nilipompindua akaikunja shingo ubavuni, akailaza chini ya ukingo wa gamba, tofauti na kobe wa nchi kavu anayeirudisha moja kwa moja ndani. Kisha sehemu ya mbele ya gamba la tumbo ikainuka taratibu, ikafunga kama mlango. Ina bawaba! Basi huyo ni Pelusios, jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) iliyopewa jina na mwanazoolojia Wagler mwaka 1830. Ndugu yake Pelomedusa, wa familia hiyohiyo, hana bawaba. Tumbo lake halikunjiki. Mmoja wa hao Pelomedusa, aliyeelezwa mwaka 2014, jina lake la kisayansi ni Pelomedusa kobe. Kobe, neno letu hili hili! Nilipolisoma mara ya kwanza nilifurahi siku nzima.

Kupata spishi, yaani aina yenyewe ndani ya jenasi, ni kazi nyingine. Wa babu alikuwa na meno kama ya msumeno kwenye ukingo wa nyuma wa gamba, na tumbo la njano lililozungukwa na weusi wenye pembepembe. Pelusios sinuatus, mkubwa kuliko wenzake wote wa jenasi. Ndugu zake Pelusios castanoides na Pelusios subniger hawana msumeno huo.

Lakini umbo peke yake limewahi kuwaponza hata mabingwa. Mwaka 1906 mwanazoolojia Siebenrock alieleza Pelusios seychellensis kwa vielelezo vitatu vilivyodaiwa kutoka Ushelisheli. Kobe huyo alitafutwa huko asionekane, akahesabiwa ametoweka duniani. Mwaka 2013 DNA ya kielelezo kilichohifadhiwa Vienna ikaonyesha ni Pelusios castaneus, kobe wa Afrika Magharibi. Yaelekea spishi nzima ilizaliwa kwa lebo isiyo sahihi, na watu wakaomboleza kiumbe ambaye hakuwahi kuwapo. Linaniuma kila nikilikumbuka.

Kwa hiyo sisubiri kufika nyumbani. Niliandika palepale ukingoni: tarehe, mahali, mgono, bawaba ipo, msumeno upo. Babu akamtia majini, akazama bila kufungua mlango wake.