Marekebisho ya sheria ya taarifa binafsi: vifungu vinavyostahili kuguswa kwanza

Mswada wa kurekebisha sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ukitajwa tu, watu hugawanyika: hawa wanataka sheria ikazwe, wale wanataka ilegezwe. Ukiisoma kifungu kwa kifungu, utaona kwamba kinachokwamisha wabunifu zaidi ni kutojua wamesimama wapi. Kampuni changa inataka kutumia kumbukumbu za miamala iliyo nazo kutengeneza programu ya kugundua utapeli. Je, inaruhusiwa? Inamwandikia mdhibiti, yaani mamlaka inayosimamia sheria hiyo, naye hajawekewa siku ya mwisho ya kujibu. Miezi inakatika, na mtu ambaye taarifa ni zake hajapata ulinzi wowote wa ziada kwa kucheleweshwa huko.

Tuanze na ridhaa, maana ndiko kwenye msongamano. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, GDPR, inatambua misingi sita ya kuchakata taarifa: ridhaa, mkataba, wajibu wa kisheria, kuokoa uhai, kazi ya umma na maslahi halali (sababu ya haki ya kampuni isiyozidiwa na haki za mtu). Hata hivyo kampuni nyingi hukimbilia ridhaa kwa kuwa ni rahisi kuionyesha: kuna kisanduku, mtu kakibofya, basi. Shida huja baadaye. Ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote, na iliyotolewa kwa kusudi moja haibebi kusudi la pili. Kumbukumbu zilizokusanywa ili kufikisha mzigo haziwezi kuhamia kwenye utafiti wa bei kimyakimya. Kampuni inaomba tena, mtumiaji aliyechoka anabofya tena bila kusoma. Hapo faragha imebaki jina.

Singapore ilipofanya marekebisho yake mwaka 2020 ilifungua njia mbili nje ya ridhaa: maslahi halali, na kuboresha huduma za biashara. Hii ya pili ina masharti yanayobana kweli. Lazima kusudi liwe haliwezi kufikiwa kwa taarifa zisizomtambulisha mtu, na matumizi yawe yale ambayo mtu mwenye busara angeyaona yanafaa. Njia ya maslahi halali nayo haitumiki kutuma matangazo kwa wateja. Mwandishi wa sheria akiiga mlango huo, asisahau kudai tathmini iandikwe *kabla* ya uchakataji kuanza, iwe na tarehe na jina la aliyeiidhinisha. Tathmini inayoandikwa malalamiko yakishafika ni utetezi tu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya taarifa zilizoondolewa utambulisho, na hapa sheria nyingi zinateleza upande mmoja au mwingine. Ikisemwa kwamba kufuta majina kunatosha, hakuna kinacholindwa. Mwaka 2000 mtafiti wa faragha Latanya Sweeney alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu tano vinatosha kumtofautisha mtu mmojammoja kwa asilimia 87 ya watu wa Marekani. Ikisemwa kinyume chake, kwamba uwezekano wa kumtambua mtu uwe sifuri kabisa, hakuna jedwali lenye manufaa litakalofuzu, na watafiti watakaa bila kazi au watadanganya kwenye fomu.

Chukua jedwali la wagonjwa. Umeshatoa jina, simu na namba ya kitambulisho. Imebaki tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia, kata na ugonjwa. Geuza tarehe iwe rika la miaka mitano, kata iwe wilaya, kisha hesabu kila kundi. Kundi lenye watu watatu liunganishe na jirani yake au lifiche. Hata hapo kuna mtego: ukichapisha jumla ya wagonjwa wa kila ugonjwa kila mwezi, mwezi huu 41 na ujao 42, mtu anayejua nani ameongezeka kwenye jedwali anatoa tu 41 kwenye 42 na kupata ugonjwa wake. Kwa hiyo kipimo cha kisheria kiangalie pia kilichokwisha kuchapishwa na kile ambacho mpokeaji anacho tayari mkononi.

Japani imepita katikati vizuri. Ina daraja la taarifa zilizofichwa majina kwa matumizi ya ndani, lililoanza kutumika Aprili 2022, ambalo kwa kawaida haliruhusiwi kupewa mtu wa tatu. Ina pia daraja la taarifa zisizoweza tena kumtambulisha mtu, ambazo zinaweza kutolewa nje mradi aina za taarifa zilizomo zitangazwe. Katika madaraja yote mawili, kujaribu kumrudishia mtu utambulisho wake ni marufuku. Marufuku hiyo inamfunga mpokeaji, wakati sheria nyingi humwangalia mtoaji peke yake.

Msamaha kwa kampuni ndogo nao huandikwa vibaya. GDPR inazipunguzia kampuni zenye wafanyakazi chini ya 250 wajibu wa kutunza kumbukumbu za uchakataji, lakini msamaha unakoma pale uchakataji usipokuwa wa mara mojamoja tu. Nani analipa mishahara mara mojamoja? Isitoshe, watu wanne wenye programu moja wanaweza kushika mienendo ya watu milioni. Pimeni idadi ya watu ambao taarifa zao zinashikwa na unyeti wa taarifa hizo, si viti vya ofisini.

Kuhusu faini, Ulaya ukomo wa juu ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, lile lililo kubwa. Sheria ya Kenya ya 2019 iliweka shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo, lile lililo dogo. Kwa hesabu hiyo ya pili kampuni kubwa kupita zote haivuki milioni 5, na inaweza kuiingiza kwenye bajeti kama gharama ya kawaida. Kurekebisha hapo hakuhitaji hata ukurasa mmoja.

Kisha mdhibiti awekewe saa yake. Kampuni nyingi zimepewa saa 72 kuripoti uvujaji. GDPR nayo inampa mdhibiti wiki nane kujibu anapoombwa ushauri kuhusu mradi wenye hatari kubwa, na anaweza kuongeza sita. Jibu lichapishwe, siri za biashara zikiwa zimeondolewa, ili anayefuata asiulize tena. Palipo na eneo la majaribio, ambako kampuni hujaribu huduma mpya chini ya uangalizi wa mdhibiti, kinacholegezwa kiwe vibali na makaratasi. Usalama wa taarifa na haki ya mtu kupinga visiguswe.

Mwisho kabisa huja vifungu vya mpito, vinavyoandikwa usiku wa manane na kusomwa na wachache. GDPR ilipitishwa Aprili 2016, ikaanza kutumika 25 Mei 2018. Mswada usiposema taarifa zilizokusanywa kabla ya siku ya sheria kuanza kutumika zinaingia kwenye msingi upi, kila kampuni itajichagulia.