Karatasi ya mashtaka si hukumu

Tangu shindano la runinga la Tusker Project Fame lianze mwaka 2006 hadi kipindi cha The Real Housewives of Nairobi kilichoingia kwenye huduma ya video ya Showmax 2023, watazamaji wa Nairobi wamezoea kumfuata mshiriki hata nje ya runinga. Akishakuwa maarufu, haipiti muda picha ya karatasi ya mashtaka ya zamani inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na watu wanamwita mhalifu kabla hata hawajaisoma.

Isomeni. Juu kuna nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), nambari ya kesi na jina la kituo cha polisi. Chini yake kuna kosa na kifungu cha sheria, kisha maelezo ya tukio, mlalamishi na mashahidi. Yote hayo yameandikwa na upande unaoshtaki, kabla shahidi yeyote hajaapa mbele ya hakimu. Kilicho muhimu hakimo kwenye karatasi hiyo: kesi iliishaje?

Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu mtaani neno ni moja tu, "aliachiliwa", ilhali Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina njia kadhaa. Kifungu cha 87(a) maana yake upande wa mashtaka umeondoa kesi. Ikiondolewa kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, huachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Cha 202 ni pale mlalamishi asipofika kortini. Cha 210 ni hakimu kuona kwamba hakuna kesi ya kujibu, na 215 ni uamuzi baada ya pande zote kusikizwa. Kuna pia kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, kinachowachanganya hata watu makini: mtu amepatikana na hatia, ila mahakama imeona haifai kumwadhibu. Huyo naye mtaani "aliachiliwa", ingawa hatia ipo.

Tahadhari moja tunaitilia mkazo sana. Kesi ya kupigana nyumbani ikiondolewa, hilo halithibitishi kwamba mlalamishi alidanganya. Huenda aliogopa, huenda wazee wa familia walimbembeleza, huenda hakuwa na nauli ya kurudi kortini mara ya nne. Kumtetea nyota kwa kumtukana aliyelalamika ni dhuluma ile ile, imegeuzwa upande tu.

Ukitaka kujua mwisho wa kesi, anza na nambari yake na jina la mahakama. Tovuti ya Kenya Law haitozi kitu, na hukumu za Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu hupatikana kwa kutafuta jina. Za mahakimu si zote zinazopakiwa, hivyo ukikosa kitu usiseme hakuna kilichotokea. Faili yenyewe iko kwenye masijala ya mahakama iliyosikiza kesi. Ukipata hukumu ya hakimu, tafuta pia rufaa, maana Mahakama Kuu inaweza kuifuta hatia hiyo na mtandao usiwahi kusikia.

Kuhusu video za vipindi hivyo zinazosambazwa, angalia mdomo. Sauti ya mshiriki ikiendelea huku kamera iko kwa mtu mwingine, huenda sentensi imeunganishwa kutoka sehemu mbili. Mahojiano ya peke yake kwenye kiti hurekodiwa baadaye, si wakati wa ugomvi, kwa hiyo hasira unayoiona hapo inaweza kuwa jibu la swali ulilokatiwa.

Jambo alilofanya mtu akiwa mtoto liacheni kabisa. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto aliyekosana na sheria asianikwe.

Na anayezushiwa asikae akingoja upepo upite. Kesi ya kuchafuliwa jina hufunguliwa ndani ya miezi 12, na ukichelewa mlango umefungwa. Ibara ya 35(2) ya Katiba inampa haki ya habari ya uongo inayomhusu kurekebishwa au kufutwa. Kama kilichosambazwa ni taarifa zake za kibinafsi, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Kabla ya yote, ahifadhi picha za machapisho zikionyesha tarehe, saa na kiungo chake, kwa sababu aliyechapisha akistuka hufuta usiku huo huo.