Pikipiki Honda CG125 ya zamani haikai sailensa bila choki, hii ndo ilinisaidia

Wadau wenye CG125 zile za zamani, hii ni yenu. Yangu ilikaa sana bandani kwa mzee huku Mikindani, nikaifufua ila haikai sailensa, yaani haiungurumi taratibu yenyewe bila kushika mafuta, mpaka uvute choki (ile ya kupunguza hewa), ukiachia mafuta resi inabaki juu, plagi ukichomoa nyeupe kama chokaa. Yaani hewa nyingi, petroli kidogo.

Nikazibua jeti zote (vile vitundu vya petroli vya kabureta), nikapima flota (boya la petroli), plagi mpya, wapi. Nikaambiwa ninunue kabureta nyingine, zipo tu madukani bei poa, ila nilitaka ibaki na ya kwake.

Kilichoonyesha ugonjwa ni maji. Pikipiki inaunguruma nikapuliza maji kidogo kwa kichupa cha kunyunyizia pale kabureta inapokutana na injini, mlio ukabadilika hapohapo, yaani hewa ilikuwa inapenya pale. Kufungua, oringi (ule mpira wa duara wa kuziba) imelala bapa, halafu ule uso wa kabureta umepinda, ukiweka rula mwanga unapita katikati. Zile bolti mbili za pembeni zikikazwa kwa nguvu miaka na miaka lazima upinde, na hapo oringi mpya peke yake haisaidii kitu.

Nikaweka msasa laini juu ya kioo nikasugua taratibu mpaka uso wote ukang'aa sawa, nikaosha, oringi mpya, bolti nikakaza kwa kupokezana, kidogo kidogo. Injini ilipopata moto ndo nikagusa skrubu ya hewa, nikazungusha mpaka mlio ulipopanda mwisho, nikashusha sailensa. Sasa naenda Mtwara mjini, ikishapata moto choki siigusi, plagi ina rangi ya kahawia safi.