Nilivyompiga marehemu altrasaundi mara ya kwanza

Kazi yangu ni altrasaundi, miaka saba naangalia wajawazito na mawe ya figo hapa Mwanza, sasa siku hiyo daktari wa patholojia ananiambia beba ile mashine ndogo twende mochwari, nikajua ananitania. Kumbe anataka nimuonyeshe njia kwa picha yeye achome sindano ya bayopsi, achukue vipande vya ini na mapafu bila kupasua. Anasema São Paulo, Brazil, walifanya hivyo 2020 kwa waliokufa na korona.

Ndugu walishakataa kupasua. Kaka wa marehemu, mzee wa Ukerewe, akaniuliza, "Mwanangu, mtamchana?" Nikamwambia hapana baba, ni matundu ya sindano tu. Akanyamaza weee. "Haya, ila kichwa msiguse, na meli ya Nansio isituache."

Balaa likaanza. Mtu hai unamwambia vuta pumzi shikilia, ini linashuka lenyewe, marehemu utamwambia nini? Dopla nayo, ile ya kuonyesha damu inavyotembea, ni pambo tu, damu haitembei. Halafu tumboni gesi imeshajaa, skrini nyeupe kama ukungu wa ziwani, jeli nimemwaga nusu chupa. Tukamlaza ubavu wa kushoto, nikaachana na tumbo nikapitia katikati ya mbavu za kulia, ini hilo hapo! Sindano nayo mwanzoni naiona nukta tu, mpaka nilipoilaza probu (kile kichwa cha mashine unachokishika) sambamba nayo ndio ikatokea yote hadi ncha.

Mapafu ndio yalinishangaza. Pafu lenye hewa altrasaundi haioni ndani, ila la kulia juu lilikuwa limeganda, utadhani ini la pili, kwa hiyo tukachoma pale pale badala ya kubahatisha (barakoa za N95 tulivaa, msije mkajaribu bila). Vipande vikaingia kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi, ila kichupa kimoja nikakazana kisiwekwe fomalini, maana inaua vimelea, na vikishakufa maabara hawawezi kuotesha.

Meli waliiwahi, kwa mbinde.

Majibu yakaja TB. Daktari alipompigia mzee nilikuwa pembeni, simu kaiweka spika, kimya kirefu halafu mzee akasema, "Wajukuu wanne walikuwa wanalala naye chumba kimoja, niwalete lini?" Daktari akamwambia wala usivuke maji baba, kesho asubuhi wapeleke wakapimwe hapo hapo Nansio.